Mdogo Wangu Alipokuwa Baba Yangu

Mdogo wangu alikuwa bado anakojoa kitandani siku alipofanywa kuwa baba yangu. Siandiki hivi kwa kumwonea. Nimemsomea sentensi hii mwenyewe, akacheka mpaka akashika mbavu. Ni mzee sasa, ana wajukuu, na kovu lake liko palepale juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Lakini miaka ile ya sabini hakuna aliyekuwa akicheka.

Kwetu Mamba, huko Mpimbwe, watu ni Wakatoliki wa siku nyingi, wanalima mpunga na mahindi, na mambo yao makubwa wanayafanya mara mbili: kwanza kanisani, halafu nyumbani. Baba alifariki kwa homa, mvua zikiwa zinakaribia. Padri alimzika inavyotakiwa. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa kumtafuta mrithi, kwa sababu kwetu mtu akifa jina lake halizikwi. Linapewa mtu mwingine pamoja na upinde na kiti cha marehemu, na kuanzia hapo mtu huyo anaitwa kama alivyoitwa mwenye jina. Waliomwita marehemu kaka watamwita kaka, na waliomwita baba watamwita baba. Si mchezo. Ndivyo ilivyo.

Ilipaswa awe baba mdogo, ndugu pekee wa baba aliyebaki. Lakini yeye alikuwa amekwisha kumrithi mtu mwingine, na bega moja halibebi majina mawili. Basi wakamchukua mdogo wangu, mvulana wa kwanza wa nyumba yetu, mtoto wa miaka kumi, wakamkalisha kwenye kigoda, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakamshikisha upinde uliomzidi kimo, wakamvika koti. Koti lenyewe baba alilinunua Mpanda enzi za ujana wake alipokuwa kibarua, zito, la rangi ya majivu. Lilimfika mtoto vifundoni na mikono yake haikuonekana kabisa.

Baba mdogo akainama, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Kuanzia leo we si mtoto. We ndiye baba wa nyumba hii. Na baba halii."

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye mila. Aliliongeza mwenyewe. Lakini siku ile nani angesimama kumsahihisha?

Tukapangwa mstari kumsalimia. Mama akapita, wadogo zangu wakapita, kila mmoja na "Shikamoo, baba," na mtoto ndani ya koti akaitikia kila mmoja "Marahaba." Ikafika zamu yangu. Nilimzidi miaka mitatu. Nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, nikamfundisha kupenga kamasi, na mashuka yake ya usiku mimi ndiye niliyekuwa nayafua kisimani alfajiri kabla wenzangu hawajayaona. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Hujambo."

Nilichapwa. Sikuikataa fimbo, maana hata leo nikiulizwa nitasema nilistahili kwa mujibu wa sheria za pale. Ila shikamoo hawakuipata. Nilikuwa na baba mmoja tu, na alikuwa chini ya udongo.

Huyo baba alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono ya polepole. Akiimba shambani, jirani wa shamba la tatu anaitikia. Ukichomwa mwiba ulikwenda kwake, si kwa mama, kwa kuwa mama alikuwa na haraka na sindano yake haikuwa na huruma. Baba alikaa chini, akauweka mguu wako juu ya goti lake, akautoa mwiba kwa mwiba mwenzake, akapuliza pale palipouma. Kisha kila mara alisema, "Leta na wa pili." Wa pili ulikuwa mzima, lakini aliutaka vilevile. Aliugeuza, akaupapasa unyayo, ndipo akakuruhusu uende zako ukacheze. Sasa niambie, mtu kama huyo utampaje jina lake mtoto anayelowesha mkeka?

Mdogo wangu aliichukua kazi yake kwa moyo wote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alihamishwa kutoka nyumba yetu akalale kwa baba mdogo, kwa sababu baba hawezi kulala chumba kimoja na mabinti zake. Akawa anakula barazani na wanaume, akipakuliwa nyama kabla yetu. Mpira wa matambara aliousuka mwenyewe akaupa mtoto wa jirani. Wenzake walipokuja kumwita wakaogelee, alitoka na koti lake kwenye jua la saa sita, akawaambia, "Nina kazi," wakaondoka kwa kuona haya. Baadaye wakaacha kuja.

Na alianza kututuma. "Nani kaacha mlango wa banda wazi?" "Nyie wasichana, maji hayajaja?" Kilichoniudhi si kutumwa. Kilichoniudhi ni kwamba maneno yale hayakuwa ya baba yetu hata kidogo. Yalikuwa ya baba mdogo. Mtoto alipewa jina la mtu mmoja akajifunza kwa mtu mwingine, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa mbele ya macho yake.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, nami sitaki mtu amchukie. Alitulimia shamba letu kabla ya kulima lake. Alikuwa tu mkavu. Alimzika ndugu yake wa kuzaliwa tumbo moja, akashindilia udongo kwa miguu yake mwenyewe, akanawa, akauliza ng'ombe wamekunywa maji au bado. Aliamini kwa dhati kwamba hivyo ndivyo watu wanavyojizuia wasianguke.

Mvua zikaja, mpunga ukapandwa, ukainuka, ukaanza kubeba masuke. Wakati huo ndege nao hawachelewi. Kila shamba linajengewa dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambako watu hukaa mchana kutwa wakipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Mdogo wangu alikwenda peke yake kukata nguzo za dungu letu, maana baba ndiye anayejenga dungu. Shoka la baba lilikuwa zito kama koti lake. Likateleza kwenye gome, likamkata juu ya kifundo.

Haya nayajua leo. Wakati ule tulichokiona ni kwamba dungu limejengwa, limepinda kidogo upande mmoja, na aliyelijenga amevaa suruali ndefu ya marehemu iliyokunjwa mara kadhaa kiunoni. Wote walimsifu. Baba mdogo alimpiga begani, akasema, "Huyo sasa ndiye mwanaume."

Mimi nilimwona anavyotembea. Mtu uliyembeba mgongoni unajua hatua zake. Nikamuuliza, "Mguu una nini?"

"Baba haulizwi," akasema.

"We baba, mguu una nini?" nikarudia kwa kejeli, na hapo ndipo nilipokaribia zaidi kumwita hivyo. Akageuka, akaondoka akijikaza asichechemee. Alipopita karibu yangu, upepo uliniletea harufu. Wanaolinda mashamba wanaijua harufu hiyo, ni ya kitu kilichokufa kwenye majani. Ilikuwa inatoka kwa mdogo wangu akiwa hai.

Nikakimbia kwa mama. Mama akaenda kumwita, akamwomba aone, naye akakataa: ni mkwaruzo tu. Mama akamfuata baba mdogo, akaambiwa, "Mwache mtoto akomae, shemeji. Ukimdekeza utamharibu." Mama alikuwa mjane wa juzi, anakula kwa jembe la shemeji yake, na neno la mjane wa juzi ni jepesi, linapeperuka. Alirudi akakaa jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikamwangalia, nikaelewa kwamba kama hatukupata mtu mwenye neno zito, tungemzika baba kwa mara ya pili.

Mtu huyo alikuwepo, ila hakuna aliyekuwa anamhesabu. Bibi, mama yake baba, aliishi mwisho wa kiwanja chetu na kopo lake la ugoro na hasira zake. Hakuwa bibi wa hadithi. Ukimpelekea uji wa moto alilalamika kwamba umemuunguza, ukiupoza alilalamika kwamba unamlisha kama mbwa. Tangu siku ya koti alikuwa anamwita mdogo wangu "mwanangu," na watu walidhani ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Nilipomweleza harufu ile, hakuniuliza swali hata moja. Alifunga kopo, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua fimbo yake.

Ilikuwa mchana. Wanaume walikuwa barazani wanakula, baba mdogo na majirani wawili, na mdogo wangu kati yao ndani ya koti. Uso wake ulikuwa umepauka, tonge liko mkononi lakini haliendi mdomoni. Bibi akasimama mbele yao.

"We ni nani?" akamuuliza mdogo wangu.

"Mimi ni baba wa nyumba hii."

"Umerithi jina la nani?"

"La baba."

"Na huyo baba, nani alimzaa?"

Mtoto akalirudisha tonge sahanini. Majirani wakaacha kutafuna.

"Nakuuliza, we mtu mzima. Nani alimzaa?"

"Wewe."

"Basi mimi ni nani kwako?"

Nikaona midomo yake inatafuta. Tangu msiba alikuwa baba wa watu wote, na hakuna aliyemkumbusha kwamba jina lile lilikuwa na upande wa pili, kwamba aliyelibeba kabla yake alikuwa naye mtoto wa mtu.

"Mama," akasema, polepole sana.

"Mimi ni mama yako. Vua suruali niuone mguu."

Baba mdogo akanyanyuka. "Mama, unamwaibisha mwanaume mbele ya watu."

"Na wewe nimekuzaa mimi," bibi akasema bila kumtazama. "Kaa chini kabla sijakuvua na wewe."

Jirani mmoja akacheka kwa pua. Baba mdogo akakaa. Angefanya nini? Mila ile aliisimamia mwenyewe, na sasa ilikuwa imemgeukia na kumtazama machoni. Kama mtoto yule ni ndugu yake marehemu, basi mama yao amesimama pale na ana haki zote. Kama si ndugu yake, basi lile koti walimvika la nini?

Suruali ilivuliwa. Sitaueleza mguu ule. Nitasema tu kwamba jirani aliyekuwa anacheka alisukuma sahani mbali, na mama yangu, aliyekuwa amekuja akasimama nyuma yangu, alinishika bega kwa kucha.

"Mficha uchi hazai," bibi akasema, lakini bila ukali. "Leteni maji ya moto na chumvi."

Akaketi chini kwenye vumbi, akauweka mguu kwenye mapaja yake, akaanza kuosha. Mdogo wangu akauma ukosi wa koti. Jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ikasimama, wala hakutoa sauti.

"Lia," bibi akamwambia.

Akatikisa kichwa. "Baba halii."

"Nani kakwambia?"

Macho yake yalimwendea baba mdogo, na bibi akayafuata mpaka yalipofika.

"Aa," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Mimi ndiye nilimlea mtu huyo unayesema halii. Alilia kila ngurumo ikipiga mpaka alipoota ndevu. Alilia siku alipomzika binti yake, dada yenu aliyewatangulia, alilia amelala pale kaburini mpaka wanaume wanne wakamnyanyua, na kesho yake alikwenda kulima, na shamba halikumkataa. Mama yako huyu alipokuwa na mimba yako wewe mwenyewe, alimtwangia mahindi uani, mchana, watu wanapita barabarani wanamcheka, naye anawaitikia kwa wimbo. Mume wa mtu ndiye huyo. Baba wa watu ndiye huyo. We umechukua upinde na koti. Haya mengine yote umemwachia nani?"

Mdogo wangu alimtazama. Akalia. Si kilio cha mguu, nakijua kilio cha mguu. Alilia miezi yote ile, kwa mdomo wazi, kamasi na yote, koti zima likitikisika, na bibi naye akalia huku mikono yake ikiendelea kuosha. Mama akalia. Mimi nililia kwa sauti kuliko wote, maana nilikuwa na vya kutosha.

Baba mdogo aliondoka barazani, akaenda nyuma ya kihenge cha mahindi. Tulikisikia kihenge kile kikigongwa, kama mtu anakipiga na paji la uso. Alipotoka alikuwa na baiskeli. Alimnyanyua mdogo wangu kwa mikono yote miwili kama unavyonyanyua mtoto, kwa sababu ni mtoto, akampakia, akamfunga kiunoni kwa shuka ili asianguke, wakaenda zahanati ya misheni. Mganga alisema tungechelewa kidogo zaidi mguu ungekatwa, na kama tungechelewa zaidi ya hapo, asingebaki mtu wa kukatwa. Alilala huko akichomwa sindano mpaka tukazoea kutembea njia ile na chungu cha uji. Baba mdogo alikaa naye. Mdogo wangu alinisimulia baadaye kwamba alilowesha kitanda usiku wa kwanza, na baba mdogo aligeuza godoro bila kumwambia mtu.

Aliporudi, jina hakuvuliwa. Watu wanaonisikiliza mjini wanatarajia nitasema tuliitupa mila ile. Tuitupe kwa kosa gani? Jina halikumuumiza. Alichoumizwa nacho ni kupewa nusu ya mtu na kuambiwa ndiye mzima.

Bibi alilishughulikia jambo hilo kama anavyogawa mbegu. Msimu ule wote wa ndege alipanda dunguni, tukimsukuma kwa chini huku akitutukana, akawa anamkabidhi mdogo wangu urithi uliobaki. Na alitutoza sisi wote. Kila aliyemjua marehemu alidaiwa kitu. Mama akaleta kwamba baba akikasirika alisema wazi, "Leo nina hasira, nipisheni," akaenda kupasua kuni, akarudi hasira zimemwisha. Baba mdogo akaleta kwamba walipogombana utotoni, ndugu yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuomba msamaha, hata pale alipokuwa hana kosa. Alilisema akiangalia mpunga. Mdogo wangu alisikiliza, akiwa amevua koti kwa ajili ya joto, na kila baada ya muda alirusha udongo kwa ndege na kupiga yowe kama mtoto mwingine yeyote wa Mamba. Wenzake walianza kupanda dunguni tena.

Ikafika zamu yangu. Bibi akanitazama. "Na wewe mwenye kisirani, una nini cha baba yako?"

Nikasema sina. Nilikuwa nacho. Nilikuwa na mwiba, na pumzi, na lile neno lake la mwisho kuhusu mguu wa pili. Lakini vyote vingine vya baba vilikuwa vimegawiwa, na hiki nilikitaka kiwe changu. Sijutii. Msichana naye anarithi.

Nimewalea wavulana wangu baada ya hapo, na wa watu wengine darasani, na ninachokijua nilikipata pale barazani. Nikiwa msibani nikasikia mtu mzima anamwinamia mtoto na kumwambia jikaze, wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba, huwa namshika mkono mtu huyo, namtoa nje, na ninayomwambia huko si ya kuandikwa hapa. Wananiita mkorofi. Sawa. Mvulana hahitaji kufundishwa kubeba mzigo, ataubeba mno hata bila kufundishwa. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali pa kuutua, na kuonyeshwa na wale anaotaka kufanana nao.

Mavuno yalipofika tulivuna wote, bega kwa bega, na mpunga ulikuwa mwingi licha ya ndege. Mdogo wangu alikuwa bado anachechemea. Nilikuwa nabeba mzigo wa mwisho kupita ukingoni nilipokanyaga mwiba, mrefu, ukaingia mpaka nikaona giza. Nikautupa mzigo, nikakaa chini, nikaanza kutafuta mwenyewe kwa kucha kwa hasira.

Akaja. Hakuuliza. Alikaa chini, akauweka mguu wangu juu ya goti lake, akavunja mwiba mwingine kwenye kichaka, akafanya kazi polepole, ulimi nje kidogo. Ukatoka. Akainama, akapuliza pale palipouma.

Nikadhani amekwisha. Nikataka kusimama.

"Leta na wa pili," akasema.

Neno lile sikuwa nimempa. Hakuna aliyekuwa amempa. Nikakumbuka kwamba naye alikuwa na miguu, na naye alichomwa miiba, miaka yote ile baba alipokuwa hai.

Nikampa mguu wa pili, ambao haukuwa na kitu. Akaugeuza, akaupapasa unyayo.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.